OTC Ilisifiwa kwa Kazi ya Beseni: Kisa cha Kuku wa Tandahimba

Kaya ninayoizungumzia iko juu ya Uwanda wa Makonde, wilayani Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Baba analima mikorosho. Mama anafuga kuku, chotara wapatao 40 na wa kienyeji wachache, na mayai yao ndiyo yanayonunua sabuni, chumvi na madaftari katika miezi ile ambayo fedha ya korosho imekwisha na minada mipya bado iko mbali. Wamenikubalia niandike mradi nisiwataje. Ndani ya majuma machache, kati ya Julai na Agosti, walipoteza zaidi ya nusu ya kuku, wakatumia dawa nne za antibiotiki, yaani dawa za kupambana na bakteria, ya kwanza ikiwa OTC (oksitetrasaiklini), na hakuna hata moja iliyokuwa na kazi ya kufanya katika banda lile.

Kwa sisi tunaofanya kazi ya afya ya mifugo huku kusini, kuku kufa Julai si habari. Kisa hiki nimekiandika kwa sababu kila mtu aliyemo alitumia akili yake, na kila hatua ukiitazama peke yake ina maelezo yanayoeleweka.

Vifo vya kwanza

Julai uwandani ni mwezi wa vumbi la njano. Mikorosho inachanua, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho, huzuiwa kwa salfa ya unga inayopulizwa alfajiri wakati upepo umetulia. Baba alikuwa amemaliza mzunguko wa pili wa salfa. Baada yake akapuliza dawa ya maji kwa ajili ya mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi machanga. Dumu la dawa hiyo lilipobaki tupu alilisuuza mara moja, akalikata ubavuni, akampa mkewe liwe chombo cha kunyweshea kuku.

Asiyeujua uwanda huu atasema ni uzembe. Maji kule ni mali. Udongo wa kichanga unaimeza mvua yote na kuishusha chini mno, kwa hiyo watu hukinga maji ya bati wakayaweka akiba, au hununua kwa ndoo. Lebo inataka dumu lisuuzwe mara tatu kisha litobolewe. Kusuuza mara tatu ni kumwaga chini maji ya kupikia, na kulitoboa ni kuharibu chombo katika nyumba isiyo na vyombo vya ziada. Ushauri wa lebo ni sahihi, ila aliyeuandika hakuwahi kununua maji kwa ndoo.

Asubuhi iliyofuata mitetea watano walikutwa wamelala ubavu karibu na dumu. Wawili walikuwa bado hai, miguu inatetemeka, ute unawatoka mdomoni. Ilipofika saa nne wote wamekufa, magole, ile mifuko ya chakula shingoni, yamejaa. Jirani aliyekuja kupiga hodi alitoa jibu ambalo karibu kijiji kizima kingelitoa: "Hiyo salfa, mama. Wamedonoa salfa."

Mama akaenda duka la dawa za mifugo. Mazungumzo yenyewe alinisimulia hivi:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wanakufa."
"Poleni. Wangapi?"
"Watano leo."
"Chukua OTC, uwawekee kwenye maji."

Basi. Alirudi na pakiti ya unga wa njano. Tundu lililokatwa kwenye dumu lilikuwa jembamba, halikuruhusu kukoroga vizuri, kwa hiyo akachukua beseni la plastiki, akamimina maji, akapima unga kwa kifuniko cha chupa ya soda, akakoroga kwa mti. Dumu akalitupa nyuma ya choo. Kesho yake hakufa kuku, keshokutwa pia hakufa. Kwa jioni mbili hivi OTC ilisifiwa kutoka nyumba hadi nyumba, na wengine wakaagiza pakiti zao.

Vifo vya pili

Ili kuziba pengo, mama alinunua mitetea wawili kwenye gulio. Walikuwa na bei nafuu, jambo ambalo katika mwezi ule lingepaswa kumshtua mtu, lakini nani anashtuka akipunguziwa bei. Baada ya siku chache mmoja wa wageni alianza kusinzia, mbawa zimelegea. Kisha kinyesi cha kijani. Kisha wengine wakaanza kupumua kwa kuachama, na baadhi wakapinda shingo, wakawa wanazunguka mahali pamoja kichwa kikitazama juu.

Kwa kuwa OTC ilikuwa imeponya mara ya kwanza, alianza na OTC, safari hii vifuniko viwili. Haikusaidia. Dukani akapewa enrofloksasini ya maji. Siku mbili tu, ikaachwa. Akapewa mchanganyiko wa tailosini na doksisaiklini. Kijana wa nyumbani, aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam, akashauri vidonge vya rangi mbili vya amoksilini vilivyobaki tangu mtoto alipokohoa. Wakavifungua, wakamwaga unga wake kwenye pumba. Muda wote huo mayai yaliendelea kwenda kwa muuza chipsi, na kuku waliokuwa bado wanasimama wakapelekwa gulioni "kabla hawajalala."

Niliitwa wakati nyumba za jirani nazo zimeanza kulia. Nilichukua mizoga miwili mibichi, tukaipeleka kwenye barafu hadi kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, kilichopo Mtwara. Ilipopasuliwa, kulikuwa na madoa ya damu kwenye tumbo la tezi, ile sehemu inayotangulia firigisi. Ilikuwa kideri, ugonjwa wa kirusi ambao wengine huuita mdondo.

Beseni

Nikakaa na mama chini ya mwembe tukarudia hadithi yote tangu mwanzo, siku kwa siku, chombo kwa chombo. Nilipouliza kuku walikuwa wanakunywa wapi siku wale watano walipokufa, alionyesha nyuma ya choo. Lebo ilikuwa imebaki nusu, lakini jina la kiambato lilisomeka: profenofosi.

Profenofosi ni kiuatilifu cha jamii ya oganofosfati. Jamii hii ina historia nzito. Miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa za wadudu, na mwaka 1936 akatengeneza kitu kilichokuja kuitwa tabun, ambacho jeshi lilikichukua kama gesi ya kuua watu. Nyingi ya dawa za shambani zilizofuata zimepunguzwa makali kwa viumbe wenye damu ya moto, lakini namna zinavyoua ni ileile: huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, misuli ikabaki inaamrishwa bila kupumzishwa. Ndiyo maana ya miguu kutetemeka na ute kutoka. Ndege wanaumizwa vibaya na profenofosi. Kuku aliyekula asubuhi, akaenda kunywa, akafa saa nne na gole lake limejaa, hakufa kwa ugonjwa uliomlaza na kumnyima hamu ya kula.

Sikuwa na kipimo cha maabara cha vifo vile vya kwanza. Mizoga ilikuwa imeshazikwa. Ninachotegemea ni mpangilio: kuku wa jirani hawakuguswa, waliokufa ni wale waliowahi chomboni, na vifo vilikoma siku ileile chombo kilipobadilishwa. Kwangu hiyo inatosha kulitia dumu hatiani kuliko mtuhumiwa mwingine yeyote.

Hapo ndipo palipo uzito wa kisa. OTC haikuponya kitu. Kilichowaokoa kuku ni beseni. Dawa ililetwa pamoja na chombo safi, ikachukua sifa zote, na ile sifa ndiyo iliyogharimu kaya hii wiki nzima ya kuongeza vifuniko wakati kideri kinasambaa. Nimeona mambo ya aina hii mara nyingi kwa sura nyingine. Mtu ana mafua, anakunywa amoksilini, siku ya tano anapona kwa sababu mafua ya siku ya tano huwa yanaondoka yenyewe; maisha yake yote atasema amoksilini inamfaa. Uzoefu hauna kosa, unasema ukweli kuhusu kilichofuata. Haujui kilichosababisha.

Pakiti nyingi za OTC za kuku zina pia vitamini ndani yake. Kuku aliyedhoofika akipewa maji safi yenye vitamini huchangamka, na mfugaji anaandika kuchangamka huko kwenye hesabu ya antibiotiki.

Salfa haina hatia

Jirani hakuwa mjinga kuitaja salfa. Ilikuwa imetapakaa kila mahali, ina harufu, inawasha macho ya wapulizaji na kuwabana kifua, na kuku walikuwa wanatembea juu yake. Lakini salfa ni elementi, ileile inayochimbwa kwenye miamba ya volkeno, ingawa siku hizi nyingi yake hutolewa wakati wa kusafisha mafuta na gesi. Kwa kuku ina sumu ndogo sana. Angetakiwa kuila kama mahindi ndipo imsumbue.

Nitabaki kwenye salfa kidogo, maana inafundisha jambo ambalo antibiotiki zinalificha. Huko Ulaya iliwekwa kwenye mizabibu tangu katikati ya karne ya 19 dhidi ya ndugu wa ubwiriunga. Hapa Tanzania ubwiriunga wa mikorosho uliripotiwa mwaka 1979, na salfa imekuwa ikipulizwa kwa miongo. Mpaka leo haijachoka. Sababu ni namna inavyoua: inaharibu sehemu nyingi za seli ya kuvu kwa pamoja, kwa hiyo badiliko moja la kurithi halitoshi kumwokoa kuvu. Ili apone angehitaji kubadilika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, jambo ambalo karibu halitokei.

Zile dawa za maji za ubwiriunga za kundi la triazoli, mfano heksakonazoli, zina nguvu kwa kiasi kidogo na zinapunguza vumbi, na wakulima wanazipenda. Zinapiga sehemu moja tu. Anayezitumia mfululizo mwaka hadi mwaka bila kubadilishana na salfa anawachagua wale kuvu wachache ambao sehemu hiyo kwao imebadilika. Baba wa kaya hii alilielewa jambo hilo haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu shambani ameshaona dawa fulani ikipoteza nguvu. Nikamwambia antibiotiki nyingi ziko upande wa triazoli, haziko upande wa salfa.

Zilikotoka, na kwa nini hazigusi kideri

Watu wengi hudhani antibiotiki zimebuniwa kiwandani kama rangi au plastiki. Baadhi ndivyo. Dawa za sulfa za hospitali, ambazo si ile salfa ya unga, zilitokana na rangi za nguo: Gerhard Domagk wa Bayer aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba rangi nyekundu iitwayo Prontosil inaokoa panya walioambukizwa, akachapisha matokeo mwaka 1935. Lakini OTC, yaani oksitetrasaiklini, ni kitu cha udongo. Bakteria aitwaye Streptomyces rimosus huitengeneza mwenyewe, na kampuni ya Pfizer ilimpata katika udongo wa Terre Haute, jimbo la Indiana nchini Marekani, dawa ikatoka mwaka 1950. Penisilini ya Alexander Fleming ya mwaka 1928 ilitoka kwa kuvu. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, chuo cha Rutgers. Bakteria wake walitoka sehemu mbili, shamba lililojaa samadi na koo la kuku. Mama alicheka sana niliposema koo la kuku. Alidhani namtania.

Vijidudu hivi vinatengeneza kemikali hizo katika kuishi kwao pamoja na vijidudu wengine udongoni. Kwa hiyo kila moja ina mahali pake pa kupiga ndani ya bakteria. Penisilini hubomoa ukuta wake. Tetrasaiklini, kundi la OTC, hushika ribosomu yake, kiwanda kinachotengeneza protini. Kirusi cha kideri hakina ukuta wa aina hiyo, na ribosomu hana. Anaazima za kuku mwenyewe. OTC iliyowekwa kwenye maji ya kuku mwenye kideri ni kama kumfungia mwizi mlango wa nyumba ya jirani. Kuongeza kifuniko cha pili ni kuongeza komeo kwenye mlango uleule.

Na asili hiyo ndiyo inayoeleza usugu pia. Kijidudu anayetengeneza sumu lazima awe na namna ya kutojiua, na wanaoishi karibu naye hujifunza namna zao. Mwaka 2011 watafiti walionyesha jeni za usugu, zikiwemo za tetrasaiklini, katika udongo ulioganda wa Yukon nchini Kanada wenye umri wa takriban miaka 30,000. Usugu ulikuwepo kabla ya duka la dawa, kabla ya daktari, kabla ya kuku kufugwa. Tunachofanya kwa vifuniko vya soda ni kuuinua kutoka pembeni hadi katikati. Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini mwaka 1940, wakati dawa yenyewe haijaanza hata kutibu wagonjwa. Fleming naye, alipopokea Nobeli mwaka 1945, alionya kwamba dozi pungufu itawazoesha vijidudu dawa.

Je, hazikusaidia hata kidogo?

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya uchambuzi huu alipinga. Alisema kuku mwenye kirusi hudhoofika, bakteria kama E. koli wakamvamia, na kwa hiyo antibiotiki ina nafasi yake. Hoja ni ya kweli, na kuna mashamba ambako daktari wa mifugo huamua hivyo kwa sababu nzuri. Kwa banda hili siikubali.

Angalia dawa ilivyofika, kama ilifika. Kuku mgonjwa hanywi. Walioinywa zaidi ni wazima, waliozidiwa wakapata matone. Beseni lilikaa juani mchana, na tetrasaiklini huharibika kwa mwanga. Chakula kilikuwa na makombe ya baharini yaliyosagwa ili maganda ya mayai yawe magumu, na chokaa ya makombe hayo hushikana na tetrasaiklini tumboni isiingie kwenye damu. Kifuniko cha soda hakina alama ya gramu, wala beseni halina alama ya lita. Halafu dawa tatu zikafuata, kila moja ikakatishwa kabla haijafanya lolote. Kama lengo lingekuwa kuwalea bakteria sugu kwenye matumbo ya kuku waliobaki, sidhani kama ningepata mpango bora zaidi.

Kati ya zote, iliyoniudhi ni enrofloksasini. Ndani ya mwili sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini, ileile sipro wanayopewa watu kwa maambukizi ya njia ya mkojo na mengineyo. Marekani iliiondoa kwenye matumizi ya kuku mwaka 2005 baada ya kuona bakteria wa Kampilobakta waliotoka kwa kuku wakiwa sugu dhidi ya dawa za kundi hilo. Hapa imeuzwa kama hatua ya pili baada ya OTC, kana kwamba dawa hupangwa ngazi kwa ukali, ya chini ikishindwa unapanda. Hazijapangwa hivyo. Kila moja ina bakteria inaowaweza na isiowaweza, na kupanda ngazi juu ya kirusi ni kupanda bure.

Sisemi kwamba mtu yeyote kijijini ameugua kwa sababu ya kuku wale. Sina ushahidi, na wanaosema hivyo kirahisi wanawatisha wafugaji bila kuwasaidia. Njia zenyewe zinajulikana hata hivyo: kinyesi hutoka na sehemu kubwa ya tetrasaiklini ikiwa haijabadilika, kikapelekwa kama samadi kwenye tuta la mchicha, mkono uliofagia banda unamega ugali. Hesabu ya dunia nayo inajulikana. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Mayai ya muuza chipsi

Kila dawa ya mifugo inayoruhusiwa ina muda wa kusubiri, siku ambazo mayai, maziwa au nyama havipaswi kuliwa baada ya dozi ya mwisho. Codex, mfumo wa viwango vya chakula wa Umoja wa Mataifa, unaweka kikomo cha mikrogramu 400 za tetrasaiklini kwa kilo ya mayai. Mama hakuwahi kuambiwa lolote juu ya kusubiri. Pakiti ilikuwa nayo, kwa maandishi ambayo hata mimi niliyasoma kwa kuinua kuelekea mwanga. Na amoksilini ya mtoto haikuwa na maelezo ya kuku, kwa sababu haikutengenezwa kwa kuku.

Kwa nini dawa hizi ziliingia kwenye chakula cha kuku kwa wingi hivi ni hadithi ya miaka ya 1940. Thomas Jukes na Robert Stokstad wa Lederle, Marekani, walikuwa wanawalisha kuku mabaki ya mapipa yaliyotengenezea klotetrasaiklini, wakitafuta vitamini. Kuku wakakua haraka kuliko vitamini ilivyoweza kueleza. Dozi ndogo ndogo kwenye chakula zikawa desturi ya ufugaji mkubwa kwa miongo, hadi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku matumizi ya kukuzia kuanzia Januari 1, 2006. Lile neno la "kuwachangamsha kuku" linalosikika madukani kwetu ni mjukuu wa mapipa yale.

Kijana wa duka simlaumu sana. Sheria inataka antibiotiki zitoke kwa cheti, lakini daktari wa mifugo yuko mbali na mteja yuko mbele yake analia kuku. Hata hivyo angeweza kuuliza. Wamekufa ghafla au wameanza kwa kusinzia? Wakubwa tu, au na vifaranga? Kwa jirani vipi? Umeingiza kuku mgeni? Wanakunywea chombo gani? Maswali hayo hayahitaji maabara, na mawili tu kati yake yangetosha kumrudisha mama nyumbani bila pakiti mara ya kwanza, na kumpigia simu ofisa mifugo mara ya pili.

Yaliyofanyika

Dawa zote zilisimamishwa. Mizoga ilichomwa na kufukiwa, banda likamwagwa majivu na kupumzishwa, na baba akatoboa madumu yote matatu yaliyokuwa uani. Uuzaji wa kuku hai kutoka nyumba zilizoguswa ulisimama, jambo lililoleta maneno, kwa sababu Agosti kuku ndiye benki. Mayai ya walionusurika yalizuiwa. Mama aliuliza hadi lini, na kwa mchanganyiko ule sikuwa na lebo moja ya kumsomea. Tulichukua muda mrefu kuliko yote iliyoandikwa na kuuongeza. Hasara hiyo ilimuuma kuliko vifo, kwa sababu hii alikuwa anaiona mkononi kila asubuhi.

Amoksilini iliyobaki ilirudishwa kwenye duka la dawa muhimu. OTC iliyobaki mama aliikatalia mwanzoni. "Nimeinunua," alisema, na hakuwa na neno jingine. Nilimwacha nayo siku ile. Kuna wakati kumnyang'anya mtu kitu alicholipia kunaua ushauri wote uliotangulia.

Dawa ya kideri haipo. Ipo chanjo, na kwa vijijini inayofaa zaidi ni ya I-2, inayotengenezwa nchini na TVLA: tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine za kideri, ingawa jua na maji yenye klorini vinaiharibu. Tatizo lake ni dogo na la kila mahali: chupa moja inatosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo mfugaji wa kuku 15 anaona ananunua chanjo ya kumwaga. Nyumba za mtaa ule zimekubaliana kuchangia chupa na kuchanja siku moja, kuku wazima peke yao, na mzunguko wa katikati ya mwaka upite mapema, wakati wanaume hawajashika mabomba ya salfa.

Mzee mmoja amekataa. Anasema kuku wake waliwahi kuchanjwa wakafa wiki ileile. Simbishii, linawezekana: kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, na kuku aliyekwisha kuambukizwa kideri, tone la jicho halimrudishi. Lakini kuku wake hawajui mipaka ya viwanja, wanadonoa kwenye nyua za watu wote. Wenzake wamepiga hesabu na kuamua watamchangia, wakiachana na kubishana naye.